Mashine ya mama mdogo inavuja, nani kaiharibu?

Najua nimepotea, na wapo walioulizana pale kantini kama nimedisko kimyakimya. Sijadisko jamani. Nilikuwa fildi, wiki nane za kushika chaki, na niliporudi nikakuta asaimenti tatu zinanisubiri mlangoni kama wadai. Leo ndo nimepata upenyo. Na badala ya kuwapa habari za fildi yenyewe (zipo nyingi, zitakuja) naanza na habari ya mashine ya kufulia. Msicheke. Hii mashine imeninyima usingizi kuliko yule lekchara aliyekuja kunikagua.

Niwape picha kwanza. Fildi yangu niliipata shule moja ya sekondari hapahapa Dar, kwa hiyo nikafikia kwa mama mdogo, Tabata. Sasa mtu kama mimi, niliyezoea kufulia kwenye ndoo nyuma ya hosteli, sabuni ya mche, halafu ukishaanika unakaa na desa lako mkononi kulinda suruali zisianuliwe na wasiohusika... kufika nyumba yenye mashine ni kupandishwa cheo. Mashine yenyewe si mpya. Mjomba aliituma kutoka Uingereza ndani ya kontena, pamoja na magodoro na baiskeli mbili. Ni ya zile zenye mlango wa kioo kwa mbele. Maandishi ya kwenye kitufe yalishafutika zamani, mama mdogo kaweka alama zake kwa rangi ya kucha: nyekundu mashuka, pinki nguo za kawaida, na kwingine kote ni marufuku kugusa.

Anayeifanyia kazi ni dada wa kazi. Jina lake silitaji hapa. Ana miaka kumi na tisa, katokea Kondoa, na katika nyumba ile ndiye anayejua kila kitu kilipo, kuanzia betri za rimoti mpaka cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mama mdogo.

Basi bwana, Jumatatu moja ya wiki ya tano ya fildi narudi jioni nimechoka, sauti imekauka kwa kupigizana kelele na Kidato cha Pili, nakuta koridoni maji. Yametoka chumba cha kufulia, yamepita chini ya mlango, yamefika mpaka kwenye zulia la sebuleni. Dada kapiga magoti anadeki na anakamulia kwenye beseni. Na pale chini, ekstensheni ya umeme iliyochomekwa mashine imelala sakafuni, maji yako kama hatua moja tu kutoka pale. Nilizima swichi ya ukutani kabla hata ya kuvua viatu. Kusema kweli hilo ndilo jambo pekee la maana nililofanya siku ile.

Maana lililofuata ni aibu. Wakati wa chakula mama mdogo anauliza, "Hii mashine imepatwa na nini?" Dada anasema hajui, yeye kaweka nguo kama kawaida. Mimi nikaona hapa ndipo pa kuonyesha kuwa ada inayolipwa chuo haiendi bure. Nikasema, kwa ile sauti ya darasani, "Hizi mashine za mlango wa mbele hazitaki sabuni nyingi mama. Ukizidisha ile ya unga ya kufulia kwa mkono, povu linajaa, linatokea kwenye droo." Ni kweli kabisa, wala sikudanganya. Povu likizidi linatafuta pa kutokea, na sabuni za kufulia kwa mkono zina povu jingi kuliko zile za mashine. Ila mimi sikuwa nimeona povu. Nilikuwa nimeona maji tu, na nikaongea.

Mama mdogo akamgeukia dada. "Umesikia mwalimu?"

Kesho yake akaitwa fundi. Kaja, kailaza mashine kwa nyuma kidogo, kamulika chini, kapapasa kwa kidole, kasimama. "Pampu imekufa mama." Pampu laki na ishirini, ufundi baadaye, na hapo hapo elfu ishirini ya kuja kuangalia. Mama mdogo akamlipa ile elfu ishirini akasema atamwita. Fundi alipotoka akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia. Hakufoka, ndo ubaya wake, alisema taratibu tu kama mtu anayepanga bajeti: "Hii hela sina. Tutakatana kidogo kidogo kwenye mshahara, mpaka iishe."

Mshahara wa dada ni elfu sitini. Pigeni hesabu wenyewe, tena nyie wa hesabu msipige kwa kalkuleta.

Dada alisema "sawa mama" akaingia jikoni. Usiku nilikuwa naandaa somo, akaja akasimama mlangoni. "Kaka, samahani. Nauli ya Kondoa siku hizi shilingi ngapi?" Nikamwambia sijui, nitamuulizia. Akasema asante. Nikabaki naangalia karatasi yangu ya andalio la somo, pale pa malengo mahususi, sioni herufi hata moja.

Jumamosi mama mdogo alikwenda kwenye kikao cha harusi. Nikasema leo ndo leo. Mimi si fundi, mnanijua, taa ya chumbani kwetu ilikaa wiki mbili imeungua nikisubiri mtu wa Block jirani. Lakini nafundisha fizikia. Kuna mada ya mwanzo kabisa ya Kidato cha Kwanza, ile ya hatua za uchunguzi wa kisayansi, ambayo tunaipitia haraka haraka kwa sababu tunadhani kila mtu anaijua. Nikajiambia, hebu mara moja maishani nifanye ninachofundisha. Maana fundi aliona maji chini ya pampu. Haya, pampu ndiyo iko chini kuliko vyote. Tone litokee wapi litokee huko juu, litateremka kwenye mabati mpaka lifike pale. Swali la kuuliza lilikuwa maji yanatoka saa ngapi: mashine inapojaza, inapofua, inapomwaga au inapokamua?

Nikachomoa plagi. Ekstensheni nikaitundika kwenye msumari ukutani, mbali na sakafu. Nikavuta mashine mbele (nzito jamani! wanaweka zege ndani ili isirukeruke wakati wa kukamua), nikakausha kila mahali kwa tambara, nikatandika magazeti ya zamani chini yake. Magazeti ni kipimo kizuri sana, tone moja tu unaliona lilipoangukia.

Kwanza mpira wa kuingizia maji, ule wa nyuma. Nikafungua koki mashine ikiwa imezimwa. Nikapitisha kidole kwenye nati za ncha zote mbili. Pakavu. Kama kile kipete cha ndani ya nati kingekuwa kimechoka, hapo ningeona.

Halafu nikaiwasha ijaze maji, bila nguo, bila chembe ya sabuni. Nikachungulia droo, maji yanapita vizuri, chini pakavu. Ilipokwisha kujaza nikaizima kabla dramu haijaanza kuzunguka, nikakaa kwenye kigoda dakika kumi naangalia magazeti. Hakuna kitu. Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka fundi wetu. Kwa sababu maji yakiwa kwenye mashine hayakai kwenye dramu tu, yanateremka mpaka kwenye mpira wa chini na yanajaa ndani ya pampu, hata kama pampu haizunguki. Pampu iliyopasuka isingekaa dakika kumi bila kudondosha hata tone.

Nikawasha iendelee. Dramu ikaanza kuzunguka, huku na huku, huku na huku. Dakika ya kwanza hakuna. Ya pili... tap. Tone kwenye gazeti, kona ya mbele upande wa kulia. Tap tap. Dada alikuwa mlangoni na ufagio, tukaangaliana. Nikamuuliza, "Umeona?" Akasema, "Mimi hapo hata sabuni sijatia, kaka."

Wadau, ile sentensi ilinipata hapa kifuani.

Nikaiacha imwage maji yote. Wakati wa kumwaga, ambapo pampu ndiyo inafanya kazi, matone yakakoma. Pampu ilikuwa nzima kabisa, inatema maji kama mtoto aliyepewa dawa chungu.

Nikachomoa tena plagi. Kabla ya kwenda mbali nikafungua lile chujio lililo chini mbele, nyuma ya kidirisha kidogo. Unaweka beseni bapa, unazungusha kinyume na saa polepole, maji yaliyobaki yanatoka. Humo nikakuta makumbusho: sarafu ya mia mbili, kibanio cha nywele, kifungo cha shati, nyuzi zilizosokotana kama panya, na kipande kifupi cha penseli ya bluu, urefu wa kidole gumba. Nikavipanga dirishani. Penseli sikuitilia maanani.

Kama inavuja dramu ikizunguka tu, basi maji yanarushwa yanafika mahali ambapo yakitulia hayafiki. Na mbele kulia kuna nini? Mlango. Nikafungua mlango nikawasha tochi ya simu. Mnaujua ule mpira mnene wa kijivu unaozunguka mdomo wa mashine, wenye mkunjo? Kazi yake ni kuunganisha tangi na ukuta wa mbele, ili dramu icheze bila maji kutoka. Nikaukunjua taratibu kuanzia juu, nikizunguka. Juu mzima. Kushoto mzima. Kulia, pale ambapo kwenye saa ya ukutani pana namba nne (kwa Mswahili ni saa kumi, hii inanichanganya mpaka kesho), nikaona mpasuko. Mdogo tu, kama ukucha. Ukiubonyeza unafunguka kama mdomo.

Nikasema basi, tumempata. Nikaendelea kupitisha kidole chini zaidi ndani ya mkunjo kuangalia kama kuna mwingine, mara pwaa, nikachomwa. Damu. Nikaingiza vidole viwili kwa adabu, nikavuta.

Bikari.

Bikari ya mkebe, ya chuma, ncha yake imepinda, pale pa kushikia penseli pako wazi. Na ubavuni imekwaruzwa kwa msumari: 2B.

Sasa niwarudishe nyuma siku chache. Alhamisi ya wiki ya nne kuna kijana wa Kidato cha Pili B nilimkuta anachonga jina lake kwenye dawati kwa bikari. Nikamnyang'anya, nikatoa hotuba ndefu kuhusu mali ya umma, nikaitumbukiza kwenye mfuko wa koti langu jeupe la maabara. Nikasahau. Jumamosi nikampa dada lile koti, lilikuwa na doa la wino. Na dada, nakumbuka vizuri kabisa, aliniuliza, "Kaka, mifukoni hamna kitu?" Mimi macho yakiwa kwenye simu nikajibu, "Hamna."

Jumapili yake alikuja kuniambia mashine inalia kama inakwaruza. Nikamwambia mashine ya zamani hiyo, acha ilie.

Dada wakati huo alikuwa ameenda kuanua nguo nje. Hakuona nilichokivuta. Na hapa nitakuwa mkweli kwa sababu wengi wenu mnanifahamu na mtaujua ukweli hata nisiposema: nikaitia bikari mfukoni. Mfukoni tena! Nikajiambia, kwanza nitengeneze, mengine baadaye. Nikaokota na kile kipande cha penseli dirishani nacho nikakitia.

Nikaenda kwa fundi baiskeli wa pale kona. Kwa shilingi elfu moja akanipa kiraka na solusheni kidogo kwenye kifuniko cha soda. Nikakausha mpira vizuri, nikasugua kwa msasa pembeni mwa mpasuko mpaka ukapoteza ule utelezi, nikapaka solusheni, nikasubiri ikauke mpaka ukiigusa hainati kwenye kidole (watu wengi wanaharakisha hapo, gundi ile haitaki haraka), nikabandika kiraka, nikakandamiza kwa mgongo wa kijiko, nikauacha mlango wazi usiku kucha.

Jumapili mama mdogo karudi kanisani nikamwita aje aone. Maji yamejaa, dramu inazunguka, gazeti kavu. Nikamwambia pampu ni nzima, mpira wa mlango ndio ulipasuka. Mama mdogo akapiga vigelegele kabisa! "Mwalimu wangu! Laki na ishirini yote ile!" Akampigia simu dada yake, yaani mama yangu, kumsifia. Mimi nimesimama pale natabasamu kama mgombea. Halafu akamwambia dada, kwa furaha, akiamini anampa habari njema: "Umeona kaka yako alivyokuokoa? Sasa nitakukata ile elfu ishirini ya fundi tu. Na uwe mwangalifu."

Dada akasema, "Asante mama. Asante kaka."

Chakula cha mchana siku ile kilikuwa ugali, mchicha na dagaa, na sikijui ladha yake mpaka leo. Nilimega tonge la kwanza likakwama. Nikanawa mkono.

"Mama, ile elfu ishirini usimkate dada."

"Kwa nini?"

Nikaiweka bikari mezani, karibu na bakuli la mchicha.

"Nini hii?"

"Bikari. Ya mwanafunzi wangu. Ilikuwa kwenye koti langu, ndo ilichana mpira. Dada aliniuliza kama mifukoni kuna kitu, nikasema hamna."

Mama mdogo aliiangalia ile bikari muda mrefu. Jikoni maji ya bomba yalikuwa yanamwagika na vyombo vilikuwa vimeacha kugongana. Akaniangalia.

"Na wewe nikukate mshahara gani?"

Sikuwa na jibu. Yeye naye hakungoja jibu. Akaita, "Mwanangu! Funga hayo maji uje ule." Dada huwa anakula baadaye, jikoni. Siku ile alikaa mezani, mbele yangu, akala kimyakimya. Mama mdogo hakuomba samahani, ni mtu mzima na ana namna zake, ila mwisho wa mwezi alimhesabia elfu sitini zake noti kwa noti na mimi nikiwepo, na alihakikisha nipo.

Mimi niliomba samahani jioni ileile, jikoni, nikiwa nimesimama kama mwanafunzi aliyechelewa. "Dada nisamehe." Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Yameisha kaka." Kisha, bila kuinua kichwa: "Lakini ulisema sabuni. Na mimi sabuni napima kwa kifuniko, kila siku." Nilidhani kosa langu ni bikari. Kumbe bikari alishanisamehe, ajali ni ajali. Siku tatu zilizofuata tulikuwa watu wa "za asubuhi" na "nzuri" tu.

Kiraka kilishika wiki mbili na siku kadhaa, halafu pembeni kikaanza kutoa jasho. Sikushangaa, mpira ule unavutwa na kunyooka kila dramu ikizunguka, kiraka cha baiskeli ni cha kusukuma siku. Hela ya fildi kutoka Bodi ilikuwa imeingia, nikaenda Kariakoo. Safari ya kwanza nilikwenda kichwakichwa, nikamwelezea muuzaji kwa mikono "mkubwa hivi", nikauziwa mpira, nikafika nyumbani ukawa unacheza kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto. Safari ya pili nikaenda na namba ya mashine, ile iliyoandikwa kwenye kikaratasi cha fedha pale kwenye fremu ya mlango, na picha ya mpira wa zamani. Elfu arobaini na tano, baada ya kubembelezana. Ule wa kwanza walinibadilishia kwa masharti ya kunisimanga dakika kumi.

Kuubadilisha ni kazi ya watu wawili. Kwa mbele kuna waya mwembamba wenye springi umezunguka mdomo wote, unauinua kwa bisibisi bapa, ukishatoka kile kipande cha springi kilichobaki ni rahisi. Unachomoa mdomo wa mpira kwenye bati. Kufuli la mlango lina skrubu mbili, ukizitoa unalisukuma ndani taratibu bila kuvuta nyaya zake. Kazi iko kwenye mkanda wa ndani, unaobana mpira kwenye tangi. Mikono yangu haikupita. Ya dada ilipita. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, mimi namshikia tochi na kumwambia "kulia kidogo", yeye ananiambia nyamaza kaka nimeshaipata.

Tukasafisha pale mpira ulipokalia, palikuwa na utelezi mweusi wa miaka. Nikapaka mpira mpya maji ya sabuni kidogo uteleze, nikaanza kuupachika kwa mbwembwe. Dada akasema, "Kaka subiri. Ule wa zamani matundu yalikuwa chini."

Nikaangalia. Kweli, mpira una matundu madogo sehemu moja, maji yanayobaki kwenye mkunjo yanarudi ndani ya tangi kupitia hapo, na mimi nilikuwa nayaweka juu. Ningefunga vile maji yangebaki yanaoza ndani ya mkunjo kila siku. Tukauzungusha. Mkanda wa ndani, kufuli, mdomo wa nje, waya wenye springi (huu ulituchapa vidole wote wawili, zamu kwa zamu). Magazeti chini. Maji, dramu, kumwaga, kukamua. Makavu. Dada akayakusanya akasema haya ya kuwashia jiko.

Bikari nilimrudishia mwenyewe wiki ya mwisho ya fildi, na penseli yake. Aliigeuzageuza. "Mwalimu, mbona imepinda?" Nikamwambia ni hadithi ndefu, nikampa mpya ya kwangu.

Siku hizi nikiwa na nguo nyingi napanda daladala Jumamosi nazipeleka Tabata. Dada hapokei furushi. Ananisimamisha mbele ya mashine, anakunja mikono, na mimi natoa mifuko yote nje, suruali moja baada ya nyingine, mifuko inaning'inia kama masikio ya mbuzi. Jumamosi iliyopita ilitoka sarafu ya mia, karatasi ya testi niliyodhani nimeipoteza, na kipande cha chaki.

"Na hii?" akaniuliza, kaishika chaki juu kwenye mwanga.

Haya, nakimbia, kesho kuna semina saa mbili na nondo sijagusa. Na wewe mwenye ndoo yangu ya bluu, nakujua, irudishe.